Uzi: Kupiga picha za ndege na nyota KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), kwa anga letu la karibu na Ikweta

#1 Mwanzisha uzi, Bomang'ombe

Wakuu, heshima kwenu.

Vijana wengi siku hizi wana kamera za mtumba na wanataka kupiga ndege zikitua. Wengine wanataka nyota juu ya uwanja. Wakitafuta mafunzo mtandaoni wanakutana na Waingereza na Wajerumani, watu wanaoijua kazi yao barabara, ila wanafundisha anga la kwao. KIA iko nyuzi tatu na nusu hivi kusini ya Ikweta. Jua linakopita, giza linavyoingia na nyota zinavyotembea hapa havifanani na London hata kidogo. Naandika kwa sababu picha nyingi nzuri zinapotea kwa kufuata maelekezo ambayo hayakuandikwa kwa ajili ya hapa. Mwenye uwanja wake karibu aongezee.

Tuanze na jua. Mwongozo wa Ulaya utakwambia usimame kusini mwa njia ya kurukia, jua likuwe mgongoni, na kule ni kweli mwaka mzima. Njia ya KIA imelala mashariki na magharibi, ndiyo maana namba zake ni 09 na 27 (nyuzi 90 na 270 za dira), na ina urefu wa mita 3,600 hivi. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi katikati ya Machi jua letu la mchana hupita kusini, basi kusimama kusini ni sawa. Miezi iliyobaki linapita kaskazini. Ukikaa kusini Julai saa nne asubuhi, ubavu wa ndege unaotazamana nawe unakuwa kivuli kitupu, na rangi ya mkiani huioni. Na karibu na Machi na mwisho wa Septemba, jua la saa sita liko utosini kabisa: bawa linatupa kivuli kwenye mwili wa ndege popote utakaposimama. Saa hizo pumzisha kamera, maana hata joto linalopanda kutoka kwenye lami linafanya madirisha ya ndege yacheze, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Mimi naziamini saa moja hadi saa tatu asubuhi, halafu saa kumi jioni hadi jua linapozama.

Sasa Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro. Kutoka uwanjani, Kibo iko kaskazini mashariki, umbali wa kilomita 50 hivi. Kwa hiyo anayetaka ndege na mlima katika picha moja lazima awe kusini mwa njia, apende asipende. Jioni ya Desemba na Januari ndiyo yake: jua linazama kusini kidogo ya magharibi, linakuwa karibu mgongoni mwako, linaipiga ndege na linaupiga uso wa mlima unaotutazama. Asubuhi mlima huwa wazi mara nyingi, lakini mwanga unatoka upande wa mlima wenyewe, unapata umbo tu bila sura. Mchana mawingu yameshaufunika. Juni jioni jua linazama kwenye bega la kusini la Meru, na hapo geuka magharibi: ndege nyingi zinatua kwa kutokea upande wa Arusha, unapata kivuli cheusi cha ndege mbele ya Meru na mbingu ya rangi ya chungwa nyuma.

Usiku nitauleta kwenye bandiko lake.

#2 Mdau, Kisongo

Shukrani mkuu, hili la jua la kaskazini sijawahi kuambiwa na mtu.

Mimi niko jirani na uwanja wa Arusha. Hapa kwetu ni Cessna Caravan za kwenda Serengeti kuanzia asubuhi. Njia ni fupi, ndiyo maana Desemba 2013 watu hawakuamini macho yao Boeing 767 iliyokuwa inakwenda KIA ilipotua hapa. Swali langu ni la pangaboi. Nikipiga 1/1000 ya sekunde ndege inatoka safi lakini pangaboi limesimama, ndege inaonekana kama imezimika angani. Nikishusha kasi ya shata, pangaboi linazunguka vizuri ila ndege yote inatikisika. Mizani iko wapi?

#3 Mwanzisha uzi

Swali zuri sana mkuu, na kwetu ni la lazima kwa sababu nusu ya ndege tunazoziona ni za pangaboi. Piga hesabu badala ya kubahatisha.

Chukua Q400 ya Air Tanzania. Ina mapanga sita, kwa hiyo kati ya panga na panga ni nyuzi 60. Wakati wa kuruka linazunguka mara 1,020 kwa dakika, yaani mara 17 kwa sekunde. Ukipiga 1/100, panga moja linatembea nyuzi 61, linafika pale mwenzake alipoanzia, na duara lote linajaa. Ukipiga 1/1000 linatembea nyuzi 6 tu, ndiyo ile "kuzimika" unayoiona. 1/200 inakupa nusu ya duara, na kwangu hiyo inatosha kabisa kuonyesha uhai.

Caravan yako ina kasi zaidi, 1,900 kwa dakika, lakini nyingi zina mapanga matatu tu, nyuzi 120 toka moja hadi jingine. Kwa 1/125 panga linatembea nyuzi 91, robo tatu ya nafasi. Kwa 1/250 nyuzi 46. Anza na 1/250 mpaka mkono ukubali, kisha shuka.

Ndege kutikisika ni suala la mwili wako, kamera haina kosa. Elekeza miguu pale unapotaka kubofya, halafu jizungushe kiuno kuirudia ndege inakotokea. Ikija, kiuno kinajifungua chenyewe, na unapofika katikati mwili umelegea. Wengi wanafanya kinyume, wanasimama wakiitazama ndege ikiwa mbali, na inapofika mbele yao kiuno kimeshajisokota na mikono inatetemeka. Viwiko vibane mbavuni. Anza kuifuata mapema, bofya mfululizo, na endelea kuifuata hata baada ya kuacha kubofya. Mtu akiacha ghafla, picha ya mwisho inaharibika, na mara nyingi ndiyo ndege ilipokuwa imekaa vizuri zaidi.

Lenzi ya 55-250 au 70-300 inatosha. Usihangaike na kubwa zaidi kabla kiuno hakijazoea.

#4 Mdau, Unguja

Kwa wale wa huku: njia ya uwanja wa Abeid Amani Karume inakwenda kaskazini na kusini, 18/36. Maana yake hesabu ya mwezi haitusumbui kama nyinyi wa KIA. Asubuhi tunakaa mashariki mwa njia, jioni magharibi, imekwisha. Adui yetu ni chumvi. Kamera ikishinda kwenye upepo wa bahari ifute kwa kitambaa chenye unyevunyevu kidogo jioni hiyo hiyo, usingoje kesho.

#5 Mdau wa viwanjani

Wakuu, mimi nafanya kazi uwanja wa ndege, upi nisiseme. Uzi ni mzuri, naomba niongeze yanayowaletea watu matatizo.

Uwanja una sehemu ambazo kisheria ni maeneo ya ulinzi. Askari akikukuta umeegemea uzio na lenzi ndefu, hajui kama wewe ni mpenda ndege. Andika barua kwa uongozi wa uwanja kabla, eleza tarehe, saa, vifaa na utakaposimama, ambatisha nakala ya kitambulisho, na ukipata jibu tembea nalo. Ukikataliwa, piga kutoka sehemu ambayo umma unaruhusiwa, au kutoka shambani kwa mtu kwa ridhaa yake, mbali na uzio. Ukiambiwa uondoke, ondoka, kisha fuatilia ofisini kesho yake. Ndege za jeshi na za viongozi shusha kamera, na usirushe mtandaoni zikiwa bado zipo.

Droni sahau kabisa jirani na uwanja. Kwa kawaida yenyewe inataka kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) na cha Wizara ya Ulinzi hata ukiwa mbali.

Sasa hili nawaomba kwa moyo wote, nyinyi wa nyota. Kuna tochi za leza za kijani ambazo watu huzitumia kuonyeshana nyota. Usiwashe hiyo kitu karibu na njia ya ndege. Mwale unaoonekana mwembamba mkononi mwako ukifika kwenye kioo cha rubani unatawanyika na kujaza chumba chote, na yeye wakati huo yuko karibu na ardhi, macho yake yamezoea giza. Vilevile usitumie flashi kuelekea ndege. Haifiki kokote na inamsumbua mtu.

Mwisho ni takataka. Mfuko wa plastiki unaopeperuka unaweza kuingia kwenye injini. Mabaki ya chakula yanaita kunguru na mwewe, na ndege wa manyoya ni tatizo kubwa kwa ndege za chuma. Ulichokuja nacho rudi nacho.

#6 Mwanzisha uzi

Mkuu hapo juu, ubarikiwe. Hilo la leza kila mtu alisome mara mbili.

Haya, usiku.

Kwanza machweo. Huku kwetu jua linashuka wima, halizami kwa kuteleza pembeni kama Ulaya. Tangu duara lipotee hadi mwisho wa ule mwanga wa bluu unaokuwezesha kuona sura ya ndege bila taa ni dakika 22 hivi. Giza kamili la nyota linaingia baada ya saa moja na robo. London mwezi Juni giza la namna hiyo haliji usiku kucha. Kwa hiyo wao wana jioni ndefu ya kupanga vifaa na sisi hatuna. Tripodi, betri, fokasi ya majaribio, vyote viwe tayari jua likiwa bado juu. Ule muda wa bluu ndio unaopatanisha taa za uwanja na mbingu, picha za maegesho ya ndege zikiwa na rangi zote mbili hupatikana pale pale tu.

Zijue taa unazopiga, zitakusaidia kupanga picha. Ncha ya bawa la kushoto ni nyekundu, la kulia ni kijani. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, ndege inakuja uso kwa uso nawe. Kingo za njia ya kurukia ni nyeupe, mwanzo wake kijani, mwisho wake nyekundu, na barabara za kuzungukia ndege zina taa za bluu pembeni. Kando ya njia kuna taa nne zinazomwambia rubani urefu wake: mbili nyeupe na mbili nyekundu yuko sawa, zote nyekundu yuko chini mno. Halafu kuna zile zinazometa. Airbus nyingi, kama A320 na A330, humeta mara mbili haraka haraka kisha hunyamaza. Boeing nyingi humeta mara moja moja. Kwenye picha ya muda mrefu utaziona kama nukta pembeni ya mstari, na unaweza kuitambua ndege kwa nukta zake bila kuona hata dirisha.

Sasa ule mstari wa mwanga ambao kila mtu anautaka. Ndege kubwa inakaribia kutua kwa mafundo 140 hivi, mita 72 kwa sekunde, ikishuka kwa pembe ya nyuzi tatu. Ukitaka kilomita tano za mwisho ziingie kwenye picha, ni sekunde 70. Ukifungua shata sekunde zote 70 ukiwa umelenga nyota, nyota zinageuka vistari na taa za uwanja zinaunguza picha. Dawa yake ni kupiga picha nyingi fupi mfululizo, kila moja sekunde 13 au 15, kisha kuziunganisha nyumbani kwa StarStaX au Sequator, programu zote mbili ni za bure, kwa kuchukua pikseli iliyong'aa zaidi.

Hapa kuna mambo mawili yanayowakwamisha watu. Zima ile huduma ya kamera ya kupunguza chembechembe kwenye picha za muda mrefu. Ikiwa imewashwa, baada ya kila picha ya sekunde 15 kamera inafunga macho sekunde 15 nyingine ikijifanyia hesabu, na nusu ya mstari wako unapotea. Pili, usiweke pumziko kati ya picha na picha. Sekunde moja tu ni pengo la mita 72 kwenye mstari, na linaonekana. Weka kamera kwenye kubofya mfululizo, funga rimoti, iache ifanye kazi.

Kuhusu urefu wa kila picha, kanuni ya 500 inatosha kuanzia: gawanya 500 kwa milimita za lenzi, na kwa kamera yenye sensa ndogo zidisha kwanza milimita kwa 1.5 au 1.6. Lenzi ya 18 iliyokuja na kamera inakupa sekunde 18. Mimi napunguza mpaka 13, kwa sababu nyota zinazopita karibu na Ikweta ya mbinguni (mstari wa angani ulio juu ya Ikweta ya dunia) ndizo zinazokimbia kuliko zote kwenye picha, na hizo kwetu ziko utosini. Tundu la lenzi wazi kabisa, ISO 3200, faili la RAW, yaani picha ghafi.

Fokasi usiiamini alama ya mwisho wa lenzi. Tafuta nyota angavu kwenye skrini, ikuze mara kumi, zungusha pete taratibu mpaka nukta iwe ndogo kabisa, kisha bandika pete kwa selotepu. Ukishabandika usiiguse mpaka asubuhi.

#7 Mdau, Moshi

Mkuu elimu safi. Nina jambo linaniwasha. Kuna picha inazunguka: kitovu cha Njia Nyeupe (Milky Way, ule mkanda wa nyota angani) kimesimama wima juu ya Kibo, chini yake ndege inatua KIA. Imependwa sana na watu wanaisambaza kila siku. Nimekaa bondeni hapa miaka, sijawahi kuona anga hilo. Inawezekana?

#8 Mwanzisha uzi

Haiwezekani mkuu, na huhitaji programu yoyote ya kuchunguza picha ili ujue.

Kitovu cha Njia Nyeupe kiko kwenye kundi la nyota la Mshale, jirani na Nge, nyuzi 29 kusini ya Ikweta ya mbinguni. Kwa anayesimama KIA kinachomoza mashariki kikivutia kusini. Kinapanda hadi nyuzi 64 upande wa kusini, kinazama kusini magharibi. Kibo iko kaskazini mashariki. Hivyo viwili havikutani hata usiku mmoja wa mwaka. Anayetaka kitovu juu ya Kibo lazima ahamie upande wa Amboseli autazame mlima akielekea kusini, na huko hakuna njia ya KIA ya kuweka chini yake.

Cha kusikitisha ni kwamba kitu halisi kipo na ni kizuri kuliko cha kubandika. Mwishoni mwa Novemba, saa moja hivi baada ya machweo, nyota ya Ayuki, ile ramani zinayoiandika Capella, inachomoza karibu kabisa na nafasi iliyo kati ya Kibo na Mawenzi, ukiwa umesimama uwanjani. Ni moja ya nyota zinazong'aa sana mbinguni, ya manjano kidogo, na inapanda pale ikifuatwa na mkono wa nje wa Njia Nyeupe, hafifu lakini kamera inauona. Kilimia kinakuwa kimeshatangulia upande wa kulia. Fungua Stellarium, programu ya ramani ya nyota, weka mahali unaposimama, uthibitishe mwenyewe maana hatua chache kulia au kushoto hazibadilishi kitu lakini kilomita kadhaa zinabadilisha.

Na anayekitaka kitovu, ageukie njia ya kurukia ndege. Katikati ya Juni kinachomoza jua linapozama, na kufikia saa mbili na nusu usiku kiko juu vya kutosha. Mwisho wa njia wa mashariki uko nyuzi 90, kitovu kinachomozea kwenye nyuzi 119. Lenzi ya 18 kwenye sensa ndogo inavibeba vyote viwili. Ndege inayoruka kwenda mashariki inaacha mstari wake wa mwanga chini ya Njia Nyeupe inayopanda. Tatizo la Juni na Julai ni mawingu ya baridi, ukipata usiku mweupe usilale.

#9 Mdau, Dar

Naomba kutofautiana kidogo. Picha ni sanaa. Wewe mwenyewe umefundisha kuunganisha picha ishirini kuwa moja. Huo mstari wa ndege haukuwahi kuonekana na jicho la mtu. Tofauti yako na huyo aliyebandika Njia Nyeupe ni ipi?

#10 Mwanzisha uzi

Hoja ya haki mkuu, nitaijibu kwa uzito wake.

Nikiunganisha picha za tripodi moja, lenzi moja, usiku mmoja, kila nukta iliyomo ilipita mbele ya lenzi kutoka pale niliposimama. Nilichoongeza ni muda. Mtu akija usiku kama ule akasimama pale pale, ataona ndege ile ikishuka na nyota zile zikiwa mahali pake. Aliyebandika amebadilisha mahali. Kijana wa Hai ataona ile picha, ataazima lenzi, atakesha akisubiri kitovu kipande juu ya Kibo, na hakitapanda. Huyo amedanganywa kuhusu mbingu ya nyumbani kwao.

Sikatai sanaa. Aandike tu chini ya picha kwamba mbingu imetoka kwingine. Neno moja linatosha, na kazi yake inabaki kuwa yake. Kwenye tovuti kubwa za picha za ndege kama JetPhotos na Airliners.net picha hukaguliwa kabla ya kupokelewa, na mkono wa kubandika huwa haupiti. Natamani picha za ndege za 5H (alama ya usajili ya ndege za Tanzania) zilizopigwa na sisi zijae kule, na zikifika ziwe za kuaminika.

#11 Mdau, Dar

Hilo la kuandika chini ya picha nakubali. La kijana wa Hai limenigusa pia.

#12 Mdau, Ongata Rongai

Salamu kutoka Kenya ndugu zangu. Huku ndege tunazo tele, Wilson imepakana na mbuga kabisa, ila mwanga wa Nairobi umemeza nyota, kwa hiyo tunakwenda Magadi. Nimenunua kile kifaa kinachozungusha kamera ifuate nyota. Maelekezo yanasema nilenge Polaris, nyota ya ncha ya kaskazini. Nimeitafuta sijaiona.

#13 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, Polaris kwenu iko chini ya upeo wa macho, hutaiona hata ukingoja. Upande wa kusini nyota inayotumiwa badala yake ni Sigma Octantis, ambayo ni hafifu mno, na kutoka Nairobi ncha ya kusini ya mbingu iko nyuzi moja na ushee tu juu ya ardhi, ndani ya vumbi na ukungu. Watu wa Australia wanaiona kwa sababu kwao iko juu. Sisi wa Ikweta hatuna nyota ya ncha yoyote ya kutumia.

Fanya hivi. Geuza swichi ya kifaa kwenye kusini. Ulaze mhimili wake uwe karibu sambamba na ardhi, uelekee kusini halisi kwa dira. Angalia kwanza kama kichwa chake kinaweza kushuka hivyo, vingine vimetengenezwa kwa watu wa latitudo za juu na vinagoma. Kisha piga picha ya dakika moja ukitazama nyota iliyo karibu na utosi. Ikivutika kaskazini au kusini, sogeza mhimili kidogo kushoto au kulia, rudia, mpaka ikae. Inachosha, lakini ukishapata unaweza kupiga dakika mbili bila mstari.

Ukiona ni kazi kubwa, kiache nyumbani. Picha 16 za sekunde 13 zikiunganishwa kwa wastani zinapunguza chembechembe hadi robo. Kwa picha ya nyota na ndege pamoja hiyo ndiyo njia yangu, kwa sababu kifaa kinachofuata nyota kinatia ukungu kwenye ardhi na kwenye taa za njia.

Faida tuliyopewa sisi ni hii: kwa kuwa nyota zinachomoza wima, ukiunganisha saa mbili za picha ukitazama mashariki au magharibi, vistari vinasimama wima karibu na upeo wa macho, na ndege inavikata kwa mlalo wake wa nyuzi tatu. Picha hiyo Mjerumani haipati kwao. Vyake vinalala vyote pembeni.

#14 Mdau, Kikatiti

Mkuu swali la mwisho toka kwangu. Ndege kupita mbele ya mwezi, ile inapigwaje? Ni bahati tu?

#15 Mwanzisha uzi

Bahati ipo, lakini unaisogelea. Mwezi una upana wa nusu nyuzi. Boeing 787-8 ina urefu wa mita 57 hivi. Ikiwa kilomita 10 kutoka kwako inachukua kama theluthi mbili ya upana wa mwezi, ukubwa mzuri sana. Inauvuka mwezi kwa theluthi moja ya sekunde tu, kwa hiyo kungoja uione ndipo ubofye ni kuchelewa.

Fungua Flightradar24 au ADS-B Exchange, tovuti zinazoonyesha ndege zilizo angani, tazama ndege inayokuja upande wa mwezi. Fahamu kwamba data hiyo inatoka kwa watu waliojitolea kuweka vipokezi vya 1090 MHz majumbani, na mawimbi hayo hayapiti mlimani, kwa hiyo nyuma ya Meru au Kilimanjaro ndege inaweza kupotea kwenye ramani na kuibuka ghafla. Mwenye kipokezi kidogo na kompyuta ya Raspberry Pi maeneo ya Kikatiti au Usa River atatusaidia wote.

Mwezi mpevu unang'aa kuliko watu wanavyodhani. Weka tundu f/8, ISO 400, shata 1/1000. Fokasi kwenye kingo za mwezi kwa mkono, tripodi imefungwa, kadi yenye kasi ndani ya kamera. Ndege ikikaribia mwezi kwa upana wa mwezi mmoja, shika kitufe usiachie mpaka ipite upande wa pili. Kwa kamera ya picha tano kwa sekunde, moja au mbili zitakuwa na ndege ndani. Mwezi ukiwa nusu pia piga, ndege inaweza kuingia kutoka upande wa giza, na mabonde ya mwezi yanaonekana vizuri zaidi kuliko mwezi ukiwa mpevu.